Nilimchukia sana Andrea

Mwaka 2013 sizoni ya tatu ya The Walking Dead ilinifikia ndani ya flashi, nimejaziwa kwenye kibanda cha muvi jirani na kituo cha daladala. Nilikuwa mwandishi mchanga, mwaka wa pili kazini, chumba kimoja, feni moja. Niliimaliza kwa usiku tatu. Kilichobaki kichwani si mazombi, ni hasira. Nilimchukia yule dada Andrea kiasi kwamba alipokufa nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Afadhali."

Mwezi uliopita nimeirudia. Safari hii neno hilo lilinikwama kooni.

Kwa ambaye hajaiona: dunia imeisha, wafu wanatembea na kula watu, na tuko Georgia, kusini mwa Marekani. Andrea na rafiki yake Michonne, waliohangaika porini miezi na miezi, wanachukuliwa na kupelekwa mji mdogo unaoitwa Woodbury. Umezungushiwa ukuta wa matairi, mabati na magari. Ndani, barabara imefagiliwa. Kuna watoto, kuna wazee, kuna vinywaji vyenye barafu. Barafu, jamani, dunia ikiwa imeisha! Watu ni sabini na kitu. Kiongozi wao wanamwita Gavana, na Mwingereza David Morrissey anamcheza kwa upole unaotisha. Hafoki. Anajua majina ya watu wake, anajua nani mjamzito. Silaha za wageni anazihifadhi yeye, kwa usalama wao wenyewe, anasema.

Mapema kabisa kuna tukio ambalo mara ya kwanza nililipita tu, na sasa nimelirudia mara nne. Gavana anatoka nje ya mji, anawakuta wanajeshi walionusurika, wana malori na silaha. Yeye na vijana wake wanawaua wote. Kisha anarudi na malori yale, anasimama mbele ya wananchi na kuwaambia kwa masikitiko kwamba wale askari amewakuta wameshamalizwa na wafu. Masikini, hawakuwa na ukuta kama wetu. Watu wanainamisha vichwa, halafu unaona kabisa nyusoni mwao shukrani inapanda.

Mtu wa habari akiona pale anatambua kitu. Ile ni taarifa kwa umma, yenye viungo vyake vyote: pole kwa wafiwa, sababu iliyo nje ya uwezo wetu, na uongozi imara. Za namna hiyo nimezipokea mezani, nikazisafisha lugha, nikazipa kichwa cha habari. Sikuua mtu, ni kweli. Hata wananchi wa Woodbury hawakuua mtu siku ile.

Hapa nichepuke kidogo. Bibi yangu angekaa nami kuangalia angeuliza hii misukule gani isiyofanya kazi. Maana msukule wetu hali watu, analima. Anachukuliwa, ndugu wanazika mgomba wakidhani wanazika mtu wao, na yeye usiku anashika jembe kwenye shamba la aliyemchukua, ulimi umekatwa, chakula chake pumba. Na zombi wa Haiti, ambako neno lenyewe limetoka, alikuwa hivyo hivyo: mfu anayemtumikia bwana. Hata Hollywood ilianza hapo. Kwenye White Zombie ya mwaka 1932, Bela Lugosi ana kinu cha miwa kinachoendeshwa na wafu. Ni George Romero, mwaka 1968, aliyewatoa wafu kwenye mikono ya bwana na kuwaacha wazurure wakitafuna watu. Kwa hiyo wale wanaogonga mabati ya Woodbury usiku hawana bwana. Wenye bwana wako ndani, wanakunywa vinywaji vya barafu, na ndimi zao ni nzima.

Michonne hauamini ule mji tangu siku ya kwanza. Ushahidi hana. Anaona walinzi, anaona malori, anasikia harufu ya kitu. Anamwambia Andrea tuondoke, hawatatuachia. Wanafika getini na mizigo yao. Merle, mtu wa Gavana, anajivutavuta kidogo, halafu anafungua geti. Na hapo Andrea anabaki! Kwake geti lililofunguka ndilo lililomaliza mjadala: unaona, tuko huru, wewe una wasiwasi wako tu. Michonne anaondoka peke yake. Muda si mrefu Gavana anatuma watu wamfuate porini wakamuue, lakini hilo Andrea haambiwi.

Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu niliona ujinga mtupu. Mbona kila kitu kiko wazi? Kiko wazi kwangu kwa sababu kamera ilinionyesha chumba cha Gavana, vichwa vinavyoelea kwenye matangi ya maji, na binti yake mfu aliyefungwa minyororo akichanwa nywele. Andrea hakuonyeshwa hayo. Alionyeshwa kitanda kisafi baada ya miezi ya kulala chini.

Lakini kosa lake kubwa si kubaki. Liko kwenye sehemu ya tisa. Mji umeshambuliwa usiku, na asubuhi wananchi wamejazana getini na magari, wanapiga honi, wanataka kutoka. Kwa mara ya kwanza wanamwogopa kiongozi wao. Wafu wanapenya, mwananchi mmoja anang'atwa, yuko chini anagaragara. Gavana anatoka ndani, anampiga risasi ya kichwa, anageuka na kurudi zake ndani bila neno. Watu wameduwaa. Andrea anamfuata, anamwomba aende azungumze na watu wake. Anakataa. Ndipo Andrea anatoka na kusimama barabarani mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Anawaambia wameumia wote, wamepoteza, lakini watasimama tena na siku moja haya yatakuwa historia. Anaongea vizuri, anaongea kwa moyo. Na watu wanatulia.

Niliisimamisha hapo, nikaenda kuchemsha chai.

Kuna chumba cha habari niliwahi kufanya kazi, sitakitaja. Bosi wetu alikuwa mtu mwema, na silisemi hili kwa kejeli. Mama yangu alipolazwa alitoa hela mfukoni mwake kabla sijamaliza kueleza. Msiba wa mfanyakazi, yeye wa kwanza kufika. Mishahara ndiyo ilikuwa haiji. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne. Kisha dereva wetu mmoja akaugua, na hospitali wakasema bima haisomi, na tukagundua kwamba michango iliyokatwa kwenye mishahara yetu haikuwahi kupelekwa. Asubuhi ile tulijazana sehemu ya maegesho. Mpigapicha wetu mmoja, mtu mzima, tulimwita kaka tu wote, alisema leo hatupandi juu, tunaondoka wote, gazeti la kesho walitoe wenyewe. Watu wakaitikia. Bosi akashuka mpaka katikati ya ngazi, akatuangalia, akarudi juu.

Nikapanda juu ya kiti cha mlinzi.

Nilisema tumetoka mbali na gazeti hili. Nilisema wasomaji wetu wamekosa nini. Nilisema jamani, mzee naye ni binadamu, mnajua alivyotusaidia, tumpe mwezi mmoja. Kwa kifupi nilifunika kombe. Na nilimaanisha kila neno, ndiyo sababu lilifanya kazi. Laiti angesema bosi wangemzomea. Nilisema mimi, mwenzao, ninayedai kama wao. Saa nne tulikuwa tumekaa kwenye meza zetu.

Wiki mbili baadaye kaka yule alipewa barua. Alisindikizwa na mlinzi mpaka getini, begi la kamera likapekuliwa mbele yetu. Mimi nilikuwa nahariri habari ya barabara, nikaendelea kuihariri. Mwezi uliofuata nilipewa dawati, naibu mhariri. Sikuomba. Kukataa nako sikukataa.

Danai Gurira, aliyemcheza Michonne, ni mwandishi wa tamthilia pia, Mzimbabwe aliyezaliwa Marekani na kukulia Harare. Eclipsed yake, iliyofika Broadway mwaka 2016 Lupita Nyong'o akiwa mhusika mmojawapo, inahusu wanawake waliotekwa na kamanda wa waasi kwenye vita vya Liberia. Wanaitana kwa namba: wa kwanza, wa tatu. Kamanda mwenyewe haonekani jukwaani hata mara moja. Anajulikana kwa jinsi wanawake wanavyojipanga mstari akiwa pembeni, wao wenyewe wakijua nafasi zao. Nafikiri Gurira alijua kuhusu Woodbury kuliko waandishi wa Woodbury. Kwenye televisheni walimpa Gavana nafasi kubwa mno, jicho bovu, matangi ya vichwa, tukawa tunamwangalia yeye.

Mwisho wake mnaujua. Gavana anawapeleka wananchi vitani, wanatimuliwa, wanamwambia wamechoka wanarudi nyumbani. Anawamiminia risasi barabarani, watu wake mwenyewe. Anayebaki hai ni mwanamke mmoja aliyelala chini ya maiti. Wazee na watoto waliobaki mjini wanachukuliwa na basi la shule na wale wale waliokuwa wameambiwa ni maadui. Na Andrea amefungwa kwenye kiti ndani ya chumba, pamoja na mtu anayekufa taratibu na atakayeamka mfu. Koleo liko sakafuni, anahangaika kulivuta kwa vidole vya miguu. Mwaka 2013 nilikuwa nampigia kelele kwa uzembe wake. Safari hii niliangalia miguu tu.

Mwaka jana nilialikwa harusi, na mpigapicha akawa yeye. Ana mvi sasa. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, kwa miaka nimeyaandaa, nikasema, "Shikamoo kaka, siku nyingi."

"Marahaba mdogo wangu. Bado uko pale?"

"Bado niko."

Akatikisa kichwa, akainua kamera. "Sogea kushoto kidogo basi, unamziba bibi."

Nikasogea. Picha alinitumia kesho yake kwenye simu. Nilipomuuliza bei, hakujibu.