Umeme Unakaa Lahore

Mchuma pamba wa Lalago anyooshapo mkono kulitwaa tumba lililopasuka, ukucha wa kidole gumba chake hupitiwa, kwa kila sekunde moja, na nyutrino zipatazo bilioni 65 zitokazo kwenye jua. Hasikii joto, haoni nuru, wala pamba haitikisiki. Aingiapo ndani kulala, wapita njia hao hawakatiki. Jua likiwa upande wa pili wa dunia, nyutrino huipenya ardhi nzima, mwamba wake na moto wake, zikachomoza chini ya kitanda cha mchumaji na kwenda zao juu.

Lalago ilihesabiwa Shinyanga hadi mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba na mifugo, mbali na bahari, na mbali zaidi na vyuo vinavyozichungua chembe hizo. Nyutrino zenyewe hazijui bara wala pwani. Elimu yake ndiyo iliyochagua mahali pa kukaa.

Jambo hilo alilionja mapema Abdus Salam, aliyezaliwa mwaka 1926 na kukulia Jhang, mji mdogo wa Punjab. Alikuwa akisimulia habari za mwalimu wake aliyewafundisha nguvu za maumbile. Nguvu ya mvutano wa dunia, mwalimu alisema, ipo kila mahali. Umeme upo, ila haukai Jhang. Unakaa Lahore, makao makuu ya jimbo. Ama nguvu ya kiini cha atomu, hiyo inakaa Ulaya peke yake, nasi haituhusu. Salam aliisimulia hadithi hiyo kwa kicheko, lakini maisha yake yote yalikuwa ni kubishana na mwalimu yule.

Alipata miaka 14 alipoongoza mtihani wa jimbo zima, akarudi Jhang kwa baiskeli, na watu wakajipanga kumshangilia. Mwaka 1946 alifika Cambridge. Huko, siku ya kutahiniwa shahada ya udaktari, Rudolf Peierls alimuuliza swali fupi. Tungamo la fotoni, yaani chembe ya nuru, ni sifuri, na sababu yake inajulikana. La nyutrino nalo hudhaniwa kuwa sifuri, kwa nini? Salam hakuwa na jibu. Mtahini naye hakuwa nalo.

Swali hilo alilibeba miaka kadhaa, mpaka Septemba 1956. Miezi mitatu nyuma, Reines na Cowan walikuwa wamezinasa nyutrino kwa mara ya kwanza, karibu na kinu cha nyuklia huko Marekani. Mkutanoni Seattle, Salam alimsikia Yang akieleza shaka aliyoiibua pamoja na Lee: huenda nguvu dhaifu ya kiini haitendi sawa kushoto na kulia. Usiku, ndani ya ndege ya jeshi iliyomrudisha London, usingizi ukamruka. Je, maumbile yakiwa na kanuni inayoitaka nyutrino izunguke kwa mkono mmoja tu, wa kushoto?

Apendaye tungo ataielewa njia aliyoishika. Shairi lenye mizani halihitaji kuhesabiwa kila mshororo. Kanuni yake yenyewe inakataza silabi ya ziada. Vivyo hivyo, ulinganifu aliouwaza Salam ulilikataza tungamo. Sifuri ikawa na sababu. Lakini bei yake ilikuwa kubwa, maana kioo cha maumbile ilibidi kivunjike: taswira ya nyutrino kiooni ingekuwa kitu kisichokuwapo duniani. Kwa watu wafunzwao tangu utotoni kwamba mkono wa kulia una kazi zake na wa kushoto una zake, wazo hilo halitishi. Wanafizikia wa wakati ule liliwatisha.

Asubuhi alikimbilia Birmingham kumpelekea Peierls jibu la swali lake. Peierls akasema haamini kabisa kwamba kushoto na kulia hutofautiana. Makala yakapelekwa kwa Wolfgang Pauli, ambaye ndiye aliyeikisia nyutrino mwaka 1930 kabla hajaiona mtu. Pauli akarudisha salamu, na ushauri kwamba Salam atafute wazo lililo bora. Miezi michache baadaye jaribio la Bibi Wu huko Marekani lilithibitisha kwamba kioo kimevunjika kweli. Lee na Yang, na Landau kwa upande wake, walikuwa wamefikia wazo kama la Salam, kila mmoja kwa njia yake. Barua ya Pauli yenye harufu ya kuomba radhi ilimfikia Salam tarehe 24 Januari 1957.

Ni rahisi kumlaumu Pauli. Ila linalouma zaidi ni la Lahore. Salam alirudi kufundisha huko mwaka 1951, na chuo kikamtaka pia achague kazi ya ziada. Akachukua timu ya kandanda. Hakuwa na wa kujadiliana naye, wala majarida mapya. Mwaka 1954 aliondoka, na hakuacha kujiuliza kwa nini mtu wa nadharia, ambaye chombo chake ni kalamu na karatasi, alazimike kuchagua baina ya nchi yake na elimu yake. Mwaka 1964 alifungua kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, na akaweka utaratibu wa kuwaalika wanasayansi wa nchi maskini wakae huko miezi michache, wasome, wabishane, kisha warudi makwao wakafundishe. Nobel aliipata mwaka 1979, pamoja na Glashow na Weinberg, kwa kuiunganisha nguvu dhaifu na umeme. Lakini Trieste ndiyo iliyolijibu swali la Lahore, japo nusu.

Alifariki Novemba 1996. Mwaka 1998, tangi la maji lililo ndani ya mlima nchini Japani lilionyesha kwamba nyutrino hugeuka aina safarini, jambo lisilowezekana bila tungamo. Ile sifuri iliyomnyima usingizi haikuwa sifuri. Mkono wa kushoto ulibaki. Sababu ya sifuri ilianguka.

Afrika nayo haikuwa nje ya habari hizi. Mwaka 1965, Reines na Sellschop walizinasa nyutrino zizaliwazo angani katika mgodi wa dhahabu karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi. Tangu mwaka 2018 taasisi iliyo dada wa kituo cha Trieste iko Kigali. Kutoka Lalago kwenda huko ni safari ya kuuzunguka upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, kwa basi. Na swali la Peierls limegeuka uso tu, bado halijajibiwa: tungamo la nyutrino halifiki sehemu moja katika milioni ya tungamo la elektroni, kwa nini ni dogo hivyo?