Kioo Kilichoingia Giza

Ndugu wasomaji, twapenda kuwasimulia jambo lililotupata sisi walimu wa shule moja ya sekondari iliyo vilimani, katika wilaya ya Ngara, ili nanyi mpate kujifunza bila kulipa gharama tuliyolipa sisi. Jambo lenyewe ni la kompyuta mpakato, ile ambayo wengi huiita laptopu, iliyokataa kuonyesha kitu. Lakini ndani yake limo neno la haki pia, na hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Shule yetu ina kompyuta moja tu ya kazi za ofisi, nayo ilinunuliwa kwa michango ya wazazi; wengine waliuza ndizi, wengine kahawa, wengine maharage. Ndani yake tulitia alama zote za wanafunzi wa kidato cha nne, nazo zilitakiwa kufika kwa wakubwa wetu kabla ya siku ya Ijumaa. Asubuhi ya Jumatatu, baada ya usiku wa mvua na radi, tukaibonyeza tuanze kazi. Taa ndogo ya ubavuni ikawaka, feni ikavuma, lakini kioo kikabaki cheusi kama tako la chungu. Tukaizima, tukaiwasha tena. Hali ikawa ile ile.

Hapo ndipo tulipokosa. Badala ya kuichunguza mashine, tulimchunguza mtu. Siku ya Jumamosi mvulana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amefagia ofisi na kupangusa meza. Tukamwita mbele ya wenzake, tukamwuliza kwa ukali alivyoigusa. Akajibu, "Walimu wangu, niliiinua tu nipanguse meza, kisha nikairudisha." Sisi tukalishika neno lile "niliiinua", tukaona limetosha. Tukamwambia aende nyumbani akamlete mzazi, maana itawapasa kulipa. Mama yake ni mjane, naye hupata riziki kwa kulima mashamba ya watu. Kijana akaondoka akilia.

Ni vema msomaji ajue mahali tulipo. Kijijini kwetu hakuna fundi wa mashine hizi. Aendaye kwa mafundi wa Kahama hushuka mpaka barabara kuu itokayo Rusumo, hupita Nyakahura na Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo, kisha Nyakanazi, Runzewe na Ushirombo, akifuatana na malori ya Rwanda na Burundi. Safari ile humla mtu siku na fedha, na afikapo huenda akaambiwa aiache mashine, arudi wiki ijayo. Maporomoko ya Rusumo yamejengewa mitambo ya umeme ya megawati 80, unaogawanywa na nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Basi umeme u karibu nasi, lakini mtu wa kutengeneza kilichoharibika yu mbali.

Jioni tukampigia simu mwalimu mwenzetu afundishaye Biharamulo. Akatusikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Ndugu zangu, chemni ya taa ikijaa masizi, mwasema mafuta yamekwisha? Iulizeni mashine yenyewe, swali moja moja, wala msirukie swali la mwisho." Tukayaandika maswali yake katika daftari, nayo ndiyo haya.

Swali la kwanza: Je, umeme unafika? Tukaazima chaja nyingine ya namna ile ile, tukaitia katika tundu jingine la ukutani. Taa ikawaka kama mwanzo. Basi umeme ulifika.

Swali la pili: Je, kuna umeme uliobaki ndani na kuifunga? Tukachomoa chaja na kutoa betri, maana mashine yetu ni ya zamani na betri yake hutoka. Kisha tukabonyeza kitufe cha kuwashia, tukakishikilia nusu dakika, ili umeme uliosalia uishe. Kwa mashine ambayo betri yake haitoki, huchomolewa chaja tu, na kitufe hushikiliwa vivyo hivyo. Mashine nyingine huamka kwa dawa hii, yetu haikuamka.

Swali la tatu: Je, bado inafanya kazi ndani? Tukabonyeza kitufe cha herufi kubwa, kilichoandikwa Caps Lock. Taa yake ndogo ikawaka. Tukabonyeza tena, ikazimika. Mwenzetu akasema kwa simu, "Hapo hakuna maiti. Maiti hakonyezi jicho."

Swali la nne ndilo lililotufungua macho. Alituambia tufunge madirisha, tuzime taa ya ofisi, tuilete tochi karibu sana na kioo na kumulika kwa upande. Tukainama wote. Tukaona kwa unyonge, kama nyayo katika umande, mahali pale pa kuandika neno la siri. Maana kioo cha namna hii hakiwaki chenyewe. Kazi yake ni kuchora picha, na nyuma yake iko taa iangazayo picha hiyo. Taa ile isipowaka, picha ipo, lakini jicho haliioni. Kuna vioo vya aina nyingine ving'aavyo vyenyewe, na hivyo havipimwi kwa tochi. Tukajaribu vitufe vya kuongeza mwanga, kwa kuwa pengine ulikuwa umepunguzwa tu, havikusaidia.

Swali la tano: Je, yaweza kuazima kioo kingine? Jumanne tukaichukua mpaka kwenye banda la kutazamia mpira, ambalo vijana huliita kibanda umiza. Mwenye banda alikuwa mtu mwema, akatufungulia kabla ya watazamaji kufika, akatupa waya wa HDMI. Tukaiunganisha na televisheni. Picha isipokuja, hubonyezwa kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, ili njia ya picha ibadilike. Kwetu ilikuja bila hayo. Pale ambapo watu wamezoea kuwatazama Simba na Yanga, yakatokea majina ya watoto wetu, kila mmoja na alama zake. Tukaufunga mlango upesi, tukazinakili alama zote katika flashi mbili. Siku ya Alhamisi zilikuwa zimefika kunakotakiwa.

Kijana tukamrudisha darasani, lakini deni hatukumfutia. Tulisema, "Alama zimepona, lakini taa ya kioo bado imekufa, na aliyeigusa ni yeye." Ndivyo moyo wa mtu ulivyo mzito kuiacha hukumu uliyokwisha kuitoa.

Shule ilipofungwa, wawili wetu tukaenda nayo Kahama. Fundi akafungua ukingo wa kioo, akatuonyesha waya mwembamba kama utepe upitao penye bawaba, unaopeleka picha na umeme wa taa. Ulikuwa umechubuka, nyuzi zake zimekatika moja baada ya moja. Akatuuliza, "Nani huishika kwa kioo chake?" Tukatazamana. Kwa miaka mitatu sisi walimu tuliibeba kutoka ofisini mpaka darasani tukiishika kwa kioo kama mtu ashikaye daftari, na kuifungua kwa kuvuta pembe moja. Tukamwuliza, "Je, kuinuliwa mara moja kwaweza kuukata?" Akajibu, "Waya huu haukukatika siku moja." Basi haikuwa radi, wala haikuwa yule kijana.

Tuliporudi tukaenda nyumbani kwa yule mjane. Akatuona kwa mbali, akatoa viti, akadhani tumekuja kudai. Tukamwambia, "Mama, tumekuja kuomba radhi." Tena tukamgeukia mtoto, "Mwanetu, tulikukosea. Walioivunja ni sisi." Kijana akanyamaza kitambo, akitazama chini. Kisha akasema, "Walimu, wenzangu hawajui hivyo." Neno lile lilitupata barabara. Tulikuwa tumemshitaki mbele ya watu, na tulitaka kumsafisha faraghani. Basi shule ilipofunguliwa tukasimama mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, tukasema kosa letu kwa sauti.

Siku hizi yale maswali matano yamebandikwa ukutani ofisini. Alama huwekwa mahali pawili kila Ijumaa. Kompyuta hubebwa kwa mikono miwili, ikiwa imefungwa, na kushikwa chini. Tena ngurumo zikisikika huchomolewa ukutani. Nanyi wasomaji, mlio mbali na mafundi kama sisi, msikate tamaa upesi mwonapo kioo cheusi; ulizeni kwa utaratibu, maana huenda kilichokufa ni taa tu. Na kabla hamjaulizana nani aliyeiharibu, iulizeni kwanza mashine yenyewe. Sisi hatukufanya hivyo, na mtoto wa watu alilia njia nzima mpaka kwao.