Kioo cheusi Bagamoyo

Wadau, kabla hamjamwita fundi afomati kompyuta yenye Linux, nisomeni kwanza.

Juzi nilikuwa Bagamoyo kwa mshikaji anayehariri video za harusi. Usiku kaapdeti Ubuntu, asubuhi kioo cheusi, na bibi harusi anataka video yake Jumamosi. Fundi wa mtaani kashatoa hukumu: futa kila kitu. Harusi tatu zimo humo, jamani!

Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Ile draiva ya kadi ya picha ambayo msimbo wake ni siri ya kampuni hukaa nje ya kerneli. Kerneli ikibadilika, moduli ya draiva lazima ijengwe upya. Kuna DKMS inayoijenga yenyewe, ila ikikosa mafaili ya linux-headers ya kerneli mpya, haijengi kitu. Tukawasha upya, kwenye menyu ya GRUB tukachagua kerneli ya zamani, picha hiyoo! Tukashusha headers kwa bando la simu, DKMS ikajenga, kwisha.

Mimi siri hii inaniudhi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili bila kumpigia mtu magoti, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Draiva iliyofungwa huigusi. Mwenyewe akiichoka, na wewe umechokwa. NVIDIA ilifungua moduli zake za kerneli Mei 2022, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing, cha 2018, na kuendelea. Wenye kadi za zamani zaidi, wateja wa mitumba kama sisi, hatumo.