Naivasha kwa gari la umeme: Pima kabla ya kuuza la petroli

Iwapo unamiliki gari la petroli na majirani wameanza kukushawishi ununue la umeme, msomaji, usibishane nao. Chukua kalamu na karatasi, kisha uipime safari moja ambayo familia nyingi za Nairobi huifanya: kwenda Naivasha na kurudi, yapata kilomita 180.

Ukipita barabara ya chini utafika ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo wauzaji wa ngozi za kondoo na mahindi ya kuchoma watakulaki, nao Mlima Longonot utauona mbele yako. Mteremko wa kwenda Mai Mahiu huzichosha breki za gari la petroli, na mafuta uliyoyachoma ukipanda hayarudi tangini. Gari la umeme likiteremka, magurudumu huizungusha mota, nayo ikarudisha chaji kidogo kwenye betri. Mgala muue na haki umpe.

Karibu na mji wa Naivasha, shika barabara ya kusini mwa ziwa. Huko Olkaria utauona mvuke mweupe ukifuka kutoka ardhini. Mvuke huo umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981, na leo joto la ardhini ndilo chanzo kikubwa zaidi cha umeme nchini. Petroli yako, kwa upande wake, huja kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa bomba hadi Nairobi. Vita vikizuka Ghuba, wewe ndiwe utakayelipa kituoni.

Hata hivyo, usikimbilie kuuza gari lako. Magari mengi tununuayo ni mitumba. Chukua Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40, iliyozinduliwa Japani mwaka wa 2017. Ilipokuwa mpya ilikadiriwa kwenda karibu kilomita 240. Lakini betri huchakaa, kama ya simu. Ikibakiwa na robo tatu ya nguvu zake, hizo ni kilomita 180: Naivasha na kurudi bila akiba yoyote, na jioni ungali na ule ukingo wa kupanda, watoto wamelala kiti cha nyuma.

Tangi la petroli hujaa kwa dakika chache. Betri hiyo, kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, huhitaji zaidi ya saa 12. Mwenye ua wake ataichaji akiwa usingizini. Lakini wewe unayeishi orofa ya nne, waya utaupitishia wapi?

Basi, kama una soketi mahali pa kuegesha na safari zako ni za Rongai hadi mjini na kurudi, gari la umeme litakufaa: halina oili ya injini wala plagi za kubadilisha. Kama kila Desemba unawapeleka wazee Kakamega, la petroli usiliache bado. Na ukiamua kununua Leaf, washa dashibodi kwanza. Betri nzima huonyesha vistari 12 vya afya yake. Vihesabu mwenyewe kabla ya kutia sahihi.