Pumzi Isiyo na Safu Katika Daftari

Kwetu Mbulu na Hanang neno "daktari" lina maana moja tu, nayo si ile iliyoandikwa kwenye cheti changu cha shahada ya uzamivu. Nikifika Dongobesh au Katesh wakati wa likizo, wapo watakaoniletea mtoto mwenye homa, na wapo wazee watakaofungua shati pale pale barabarani wanioneshe kovu. Nimezoea kueleza kwamba udaktari wangu ni wa siasa na vitabu. Lakini kati ya mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2025 nililazimika kujifunza kipande kidogo cha ule udaktari mwingine, kwa sababu mjomba wangu, aliyezaliwa tumbo moja na marehemu mama, alishikwa na ugonjwa ambao kila tulipoutaja tuliombwa tulirudie jina lake.

Kwa kifupi unaitwa ALS. Ni ugonjwa wa neva zinazopeleka amri za ubongo kwenye misuli. Neva hizo hufa kidogo kidogo, na msuli usiopokea amri hunywea. Kwa wagonjwa wengi macho huendelea kuona, ngozi huendelea kuhisi, na akili huendelea kufahamu kila kinachotokea. Mwanafizikia Stephen Hawking aliishi nao kwa zaidi ya miaka 50, na kwa hilo amekuwa mfano unaopotosha, maana walio wengi huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili za kwanza. Tiba ya kuuponya haipo. Dawa ya riluzole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi michache.

Mjomba alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya ngano ya Basotu, yale yaliyokuwa chini ya NAFCO kwa msaada wa Kanada, juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. (Habari ya ardhi ile inataka makala yake, na deni lake halijalipwa.) Mikono iliyozungusha usukani wa trekta kwa miaka mingi ilianza kushindwa kufunga vifungo vya shati. Kisha vikombe vikaanza kuanguka. Ilituchukua miezi kumi na minne na vituo vinne vya tiba kupata jina la ugonjwa, na jina hilo tulilipata nje ya mkoa. Katika madaftari ya vituo hivyo aliandikwa maumivu ya mgongo, kisha kiharusi, kisha upungufu wa vitamini, na mara moja akaandikwa "mengineyo". Kijijini aliandikwa katika daftari jingine, lisiloonekana, kwamba amerogwa.

Ninachotaka kukizungumzia hapa, hata hivyo, si mikono wala miguu. Mgonjwa wa ALS kwa kawaida huuawa na pumzi. Na pumzi, tofauti na mambo mengi ya ugonjwa huu, inaweza kupimwa mapema, kwa vyombo vidogo, na kipimo hicho kikabadilisha miezi iliyobaki.

Msomaji aliyewahi kufika kwa wahunzi wa Kidatoga upande wa Ziwa Eyasi ameona mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Mapafu ya mgonjwa wa ALS ni kama mfuko ule wa ngozi. Ukiukagua hutaona tundu. Aliyechoka ni kijana anayeusukuma, yaani kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli ya mbavu. Ndiyo maana mjomba alipigwa picha za eksirei mara tatu, na mara zote tatu aliambiwa, "Mzee, mapafu yako safi." Lilikuwa jibu la kweli, nalo halikumsaidia chochote.

Usiku alikuwa hawezi tena kulala chali. Asubuhi aliamka na kichwa kinachogonga, mchana akasinzia katikati ya mazungumzo, na kikohozi chake kikawa hakina nguvu ya kutoa makohozi. Mkaza mjomba alidhani ni uzee. Kumbe kila moja ya dalili hizo ni ripoti ya kiwambo. Mtu anapovuta pumzi fupi usiku kucha, hewa ukaa haitoki yote mwilini. Hujikusanya katika damu, huleta maumivu ya kichwa alfajiri, na hulevya ubongo.

Hapo ndipo daktari bingwa wa mapafu anapohitajika, na anahitajika kwa ratiba, siyo kwa dharura. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unataka pumzi ya mgonjwa wa ugonjwa huu ipimwe kila baada ya miezi 2 hadi 3. Chombo kikuu ni spirometa: mgonjwa huvuta hewa yote anayoweza, kisha huipuliza yote, na mashine huandika ujazo wake. Hupimwa akiwa ameketi, na inapowezekana apimwe tena akiwa amelala, kwa kuwa kiwambo dhaifu hujidhihirisha mwili unapolazwa. Hupimwa pia nguvu ya kikohozi. Kikishuka chini ya lita 270 kwa dakika, mgonjwa yumo katika hatari ya kushindwa kutoa makohozi hata kwa mafua ya kawaida. Vipimo hivi havifanywi ili kujaza faili. Vinamwambia daktari ni lini aanze kumpa mgonjwa mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa wakati wa usiku. Katika jaribio lililofanywa Newcastle, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2006, likiwa na wagonjwa 41, wale ambao misuli ya koo na ulimi haikuwa imeharibika sana waliongezewa na mashine hiyo wastani wa siku 205, na siku hizo zilikuwa za usingizi na mazungumzo. Siku 205 zinatosha kupanda mahindi, kuyapalilia na kuyavuna.

Spirometa yenyewe ina historia ambayo wanafunzi wangu wa siasa huifurahia. Ilitengenezwa na daktari wa Kiingereza, John Hutchinson, aliyechapisha kazi yake mwaka 1846 baada ya kupima zaidi ya watu 2,000, na alitumaini kwamba kampuni za bima ya maisha zingeitumia kujua nani atakufa mapema. Haukupita muda mrefu kabla Samuel Cartwright, daktari aliyetetea utumwa kusini mwa Marekani, hajaitumia kudai kwamba mapafu ya mtu mweusi yana upungufu wa takribani asilimia 20. Dai hilo halikuzikwa pamoja naye. Kwa miongo mingi mashine nyingi ziliwekewa "marekebisho ya rangi", na ni mwaka 2023 tu ambapo chama cha wataalamu wa magonjwa ya kifua cha Marekani kilipendekeza yaachwe. Hili si jambo la makumbusho. Mgonjwa anapoambiwa ana "asilimia 60 ya kinachotarajiwa", ni haki auliza: kinachotarajiwa kwa nani? Hata majedwali ya kimataifa ya mwaka 2012 kundi lake la watu weusi lilijengwa juu ya Wamarekani weusi, siyo wakulima wa Hanang. Kwa bahati njema ALS hutupa njia ya kuukwepa mtego huo, kwa sababu kinachotazamwa zaidi ni mwendo wa namba: mgonjwa analinganishwa na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita.

Mkoani Manyara spirometa si chombo kigeni. Wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani hupimwa mapafu kwa sababu ya vumbi la mawe, na Hospitali ya Kibong'oto kule Siha ina uzoefu wa miaka mingi na vifua vya watu wa namna hiyo. Lakini kutoka Mirerani hadi Haydom ni safari ya kuvuka mkoa mzima, na mgonjwa asiyeweza kuketi wima kwa saa nzima hapandi basi.

Sasa niseme kuhusu oksijeni, maana hapa tulikaribia kumpoteza mapema. Wakati wa Uviko-19 tulijifunza kama taifa kwamba anayekosa pumzi apewe oksijeni. Fedha za mkopo wa mwaka 2021, zile shilingi trilioni 1.3, zilijenga pamoja na mambo mengine majengo ya wagonjwa mahututi, na hilo lilikuwa jambo jema. Usiku mmoja mjomba alifikishwa katika hospitali, ambayo sitaitaja, akihema kwa shida. Aliwekewa oksijeni nyingi, na kifaa cha kidoleni kikasoma 98. Sote tukashusha pumzi. Kufikia alfajiri hakuamka alipoitwa. Oksijeni ilikuwa imepamba namba ya kidoleni huku hewa ukaa ikizidi kupanda katika damu, kwa kuwa hakuna aliyemsaidia kusukuma mvukuto, na kwa mgonjwa wa aina hii oksijeni peke yake inaweza hata kupunguza msukumo wa kuhema. Aliyemwokoa ni muuguzi wa dawa za usingizi aliyekuwa anatoka zamu. Alimtazama tumbo likiingia ndani badala ya kutoka kila alipovuta hewa, akapunguza oksijeni, akachukua mfuko wa mpira wa kusukumia hewa na kuubana kwa mkono kwa karibu saa mbili, akipokezana na mwenzake.

Muuguzi huyo ndiye aliyetufundisha kipimo kisicho na mashine. Vuta pumzi moja kubwa, hesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine, andika ulipofika. Mjomba alihesabu kwa Kiiraqw. Nilijaribu mwenyewe kwa Kiswahili nikagundua kwamba "ishirini na moja, ishirini na mbili" zinakula pumzi upesi kuliko namba za Kiingereza, hivyo sharti likawa lugha ile ile, mwendo ule ule, saa ile ile. Tulinunua daftari la shule. Mwezi wa kwanza 31, wa tatu 26, wa sita 19. Niliongeza kile kipimo cha mkononi cha kupuliza kinachotumiwa na wenye pumu, tukapima nacho nguvu ya kikohozi. Havichukui nafasi ya spirometa. Lakini bingwa wa mapafu tuliyempata hatimaye kwa simu alisoma namba zile kama mtu asomaye barua, akatwambia tusisubiri.

Kinachonikera kama mchambuzi ni kwamba haya yalitokea katika milima ile ile iliyoufundisha ulimwengu kuhusu pumzi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, ni mahali ambapo watafiti wa Kitanzania na wa Norwei walikaa vyumba vya kujifungulia na saa mkononi, wakihesabu sekunde kati ya kuzaliwa kwa mtoto asiyehema na kupewa hewa kwa mfuko na barakoa. Katika utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2013, mafunzo ya kumsaidia mtoto kuhema yalihusishwa na kupungua kwa vifo vya saa 24 za kwanza kwa asilimia 47. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya mpango mpana zaidi katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ukiwemo. Watu wetu wanajua kufunza wauguzi, kuhesabu pumzi, na kutunza daftari. Na mfuko wa kusukumia hewa, ule wa ukubwa wa mtu mzima, ukiwekewa vali ya njia moja, hutumiwa kumjaza hewa mgonjwa wa ALS pumzi juu ya pumzi ili akohoe kwa nguvu. Vali hiyo tuliipata kwa kumwomba msafiri aliyetoka ng'ambo.

Nitaambiwa ugonjwa huu ni adimu. Ni kweli. Ulaya hupata wagonjwa wapya kama 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliipa Manyara watu wapatao milioni 1.9. Hata tukichukua nusu ya kiwango cha Ulaya, ni karibu watu 20 kila mwaka katika mkoa mmoja. Wako wapi? Wengi wako katika safu ya "mengineyo" ya MTUHA, na bajeti ya halmashauri haijawahi kutengewa kitu kinachoitwa mengineyo.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaopanga kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia mnajua kwamba tangu 2024 zimefika katika halmashauri zetu na mabingwa wa magonjwa ya ndani na wa usingizi na ganzi. Hao wawili wanaitambua pumzi iliyochoka. Kambi ya siku chache huondoka, na ugonjwa huu hauendi kwa kambi. Lakini kambi inaweza kuacha nyuma spirometa moja ya mkononi kwa kila hospitali ya wilaya, tabibu na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia waliofunzwa kuitumia, na namba ya simu ya bingwa wa kanda atakayesomewa matokeo kila baada ya miezi mitatu. Ningeongeza posho ya bodaboda ya kumfuata mgonjwa nyumbani, kwa sababu baada ya mwaka wa kwanza mgonjwa ndiye asiyeweza kusafiri. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, itapimwa kwa mambo ya namna hii: je, mashine ya barakoa ya usiku itakuwa ndani ya kitita au itabaki mali ya mwenye mpwa mjini?

Mashine ya mjomba ilifika kwa mkopo, kupitia rafiki wa rafiki, na tuliunganisha betri ya sola kwa ajili ya usiku umeme unapokatika. Aliitumia miezi mitano. Alilala. Alinitania kwamba sasa amepata trekta inayomwendesha yeye. "Mjomba," aliniambia, maana hata sisi tunaitana hivyo pande zote mbili, "hii haina gia ya kurudi nyuma."

Alifariki nyumbani kabla ya mvua za masika za 2025. Kile kipimo cha kupuliza tulikipeleka zahanati, kinatumika kwa watoto wenye pumu. Daftari ninalo mimi. Mwandiko wa mwisho ni wa mkaza mjomba: Jumanne, ameketi, 9.