Kiangazi Kando ya Luapula

Watu wa nchi nyingine wakisikia neno kiangazi hufikiri jua kali. Sisi wa Lubumbashi twajua vingine. Mji wetu umekaa juu, mita 1,200 na zaidi kupita usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku hupenya hata mablanketi mawili. Asubuhi watoto huota moto wa makala, midomo imepasuka, na upepo huleta vumbi jekundu mpaka ndani ya sahani. Ndiyo majira ambayo shule hufungwa. Kwa jamaa yetu ndiyo pia majira ya kazi nyingi kupita zote za mwaka.

Kwa maana mama wa nyumba hii ni mshonaji. Wanafunzi wa Kongo huvaa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, na wazazi wote, kana kwamba wamepatana, huleta vitambaa vyao katika majuma yale machache kabla ya Septemba. Cherehani hulia tangu alfajiri hata usiku. Na chini ya cherehani yuko mtoto wa miezi 18. Wasomaji wenye watoto watatuelewa: mtoto wa umri huo si mzigo wa mgongoni tena, wala si mtu wa kuagizwa. Amepata miguu, hajapata akili ya kuiongoza. Anavuta nyuzi, anatia vifungo kinywani, anatafuta kidole kiingie pale sindano inaposhukia. Dada yake wa miaka 9 alimlinda siku tatu. Siku ya nne alilia kwamba likizo yake imeliwa, na kwa kweli ilikuwa imeliwa.

Ndipo tulipoikumbuka desturi ya wazee: mtoto akiisha kuachishwa ziwa hupelekwa kwa nkambo. Nkambo wetu, mzazi wa mama, anakaa kijijini upande wa Kasenga. Tukapatana kumpeleka mtoto huko na kumwacha hata nguo za watu zimalizike.

Toka Lubumbashi mpaka Kasenga ni kilomita karibu 200, kuelekea kaskazini-mashariki. Njia inateremka polepole, na kadiri inavyoteremka baridi inapungua. Makoti yanavuliwa moja moja ndani ya gari. Pande zote mbili pori lilikuwa likiungua, kama kila kiangazi, na moshi ukasimama juu ya miti kama ukungu. Mtoto alitapika mara mbili. Kabla ya nusu ya safari alikuwa amekwisha pakatwa na akina mama wanne tusiowajua, kila mmoja akitupa shauri lake juu ya matapishi, na mashauri yote yakipingana. Mwisho wa safari tulipanda pikipiki kwenye njia ya mchanga, mtoto katikati yetu, amefungwa kitenge mpaka kichwani.

Luapula ni mto mpana na mtulivu mahali pale. Ng'ambo ni Zambia. Maji yanatoka katika vinamasi vya Bangweulu, yanaingia ziwa Mweru, yanatoka yakiitwa Luvua, yanakutana na Lualaba kule Ankoro, na hivyo yanakuwa mto Kongo wenyewe. Zamani za Wabelgiji wafanyabiashara Wagiriki walinunua samaki Kasenga na kuwapeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ili kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Wazee hawachoki kutaja mpumbu, samaki aliyepanda mito kwa wingi kutaga mayai mvua zilipoanza. Wakamtegea nyavu katika njia yake hiyo hiyo, na kufika miaka ya 1950 alikuwa karibu ametoweka. Siku hizi chakula cha wengi ni chisense, visamaki vidogo kama kidole vinavyoanikwa juani.

Tulidhani kijijini tungekuta mapumziko. Mtu wa mji hudhani hivyo kila mara! Kiangazi ndicho wakati wa kufyatua matofali na kuyachoma, wa kuezeka nyumba kabla ya mvua, wa kuloweka muhogo na kuuanika, na wa arusi pia, maana chakula kipo na njia zinapitika. Nkambo mwenyewe alikuwa na muhogo juu ya mwamba, karanga za kubangua, na tanuru la matofali la wajukuu wake wakubwa linalohitaji uji wa wafanyakazi. Alimpokea mtoto kwa vigelegele, akamwita «mume wangu», kwa kuwa mtoto alipewa jina la babu aliyefariki, na papo hapo akamdai mahari.

Uji wake ulitufundisha kitu. Ndani ya unga alitia karanga na chisense zilizopondwa zikawa vumbi. Unga wa muhogo peke yake hushibisha tumbo, haujengi mwili. Mwaka 1935 mganga Mwingereza Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na kubadilika nywele, akatumia jina walilolitumia Waga wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo: kwashiorkor. Ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa mdogo wake anapokuja, asipopewa chakula cha kulijenga badala ya maziwa. Nkambo hajasoma maandiko hayo. Anaponda samaki tu.

Siku ya nne watu wote walikuwa kwenye tanuru, kila mtu akidhani mtoto yuko kwa mwenzake. Tulipomtafuta hakuwapo. Hatukusema neno, wote tulikimbilia upande mmoja, kwa maana Luapula ina mamba. Msichana mmoja aliyetoka kuteka maji alikuwa anapanda njia, ndoo kichwani, na mkono wake wa kushoto umemshika mtoto wetu aliyekuwa akidai kurudi mtoni. Alikuwa amebakiza hatua kama thelathini.

Jioni hiyo nkambo alinyamaza muda mrefu. Baba wa mtoto alikaa mbali kidogo, kama heshima ya mkwe inavyotaka, na maneno yakapitia kwa mama.

«Mwanangu,» akasema nkambo, «huyu mume wangu ana mbio, na mimi magoti yamekwisha. Hajui kusema maji, hajui kusema moto. Hapa simpokei.»

«Mama, na kazi yetu?» Mama alikuwa amekwisha pokea fedha za nguo 40, na nyingine alikuwa amezilipia ada ya shule.

«Nimesema hapa. Sikusema kwako. Nyumba yako ina ukuta na mlango?»

«Ina, mama.»

«Basi muhogo utaanuliwa na shangazi yako. Nitafutieni koti.»

Hivyo tulirudi watu wanne badala ya wawili. Nkambo alikaa kiti cha mbele, mtoto mapajani, na chini ya miguu yake mfuko wa chisense. Abiria walinung'unika juu ya harufu. Akaufungua, akawagawia kila mmoja konzi moja, na manung'uniko yakaisha. Kadiri gari lilivyopanda, baridi ilirudi. Alivaa koti, kisha akaomba na la mkwewe. Mtoto alilala ndani ya yote mawili mpaka taa za Lubumbashi.