Ahadi Mbili za Siku Moja

Kuchagua kati ya jema na baya si kazi kubwa kwa mtu aliyelelewa vizuri. Kazi iliyo kubwa ni kuchagua kati ya jema na jema, wakati mambo mawili yenye haki juu yako yanapokuita siku moja na saa moja. Hapo wahenga hutuambia kuwa mshika mawili moja humponyoka. Neno hilo ni la kweli, lakini halituambii lile moja liachwe kwa namna gani. Jibu lake nililipata nikiwa tayari mtu mzima, mbali sana na kwetu, katika kibanda cha wawindaji ndani ya misitu ya Pennsylvania, nchini Marekani. Nataka kukusimulia, ili wewe usichelewe kujifunza kama nilivyochelewa mimi.

Mwishoni mwa mwaka 2019 nilikuwa miongoni mwa walimu waliopelekwa katika jimbo hilo kwa majuma machache, kutazama jinsi shule za wenzetu zinavyoendeshwa. Nilipewa makazi katika nyumba ya mzee mmoja mjane, aliyekuwa fundi wa mitambo kabla ya kustaafu. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Ukutani mwa sebule yake palitundikwa vitu viwili: bunduki ya kale ya baba yake, na picha ya mjukuu wake aliyevaa sare ya bendi ya chuo kikuu, tarumbeta mkononi. Siku niliyofika sikujua kwamba vitu viwili hivyo vilikuwa karibu kugombana.

Katika jimbo lile uwindaji wa kulungu si anasa ya matajiri. Mwenye duka, dereva, mkulima na mwalimu, wote huwinda. Na vibali vilivyouzwa katika miaka ile vilipita 800,000 kila mwaka. Mwishoni mwa karne ya 19 kulungu hao walikuwa karibu kwisha, kwa kuwa kila mtu aliua apendavyo. Ndipo mwaka 1895 jimbo likaunda tume ya kulinda wanyama. Baadaye yakawekwa majira, vibali na idadi ambayo mtu haruhusiwi kuizidi, na wanyama wakazaana tena. Kwa hiyo mwindaji wa huko hupewa siku zake kwa hesabu, naye huzingoja kama mkulima wetu angojavyo mvua.

Tangu mwaka 1963 msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ulifunguliwa Jumatatu iliyofuata Sikukuu ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Shule nyingi zilifungwa Jumatatu hiyo, maana madarasa yangalikuwa matupu. Jumapili yake watu walipanda milimani na vyakula na mablanketi, wakalala katika vibanda vilivyojengwa na baba zao na babu zao. Huko kijana alifundishwa kukaa kimya kwa saa nyingi, kutoelekeza bunduki kwa mtu hata ikiwa tupu, kutopiga asichokiona vizuri, kuchuna, na kugawana nyama na jirani asiyepata. Niliposikia hayo nilitambua kwamba sisikii habari za nyama tu. Nilikuwa nikisikia habari za jando lao.

Pendo la pili la watu wale ni timu ya chuo kikuu chao, Penn State. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1855 kwa ajili ya kuwafundisha wakulima, na timu yake ilianza kucheza mwaka 1887. Mpira wao si kandanda yetu. Una umbo la yai, hukimbizwa kwa mikono, na wachezaji, kumi na mmoja kila upande, huvaa kofia ngumu na kusukumana kama mafahali. Uwanja wao ulikuwa na nafasi ya watu 106,572, na mji wenyewe hauna wakazi nusu ya hesabu hiyo. Jumamosi ya mechi upande mmoja wa uwanja hupaza sauti kusema, “Sisi ni,” na upande wa pili huitikia kwa jina la chuo, hata ardhi ikatetemeka. Mzee aliniambia kuwa yuko mtu asiyekumbuka siku ya ndoa yake, lakini anakumbuka mabao ya mechi iliyochezwa mwaka huo.

Kwa zaidi ya miaka hamsini mapendo hayo mawili yalikaa pamoja bila ugomvi. Jumamosi ilikuwa ya timu, na Jumatatu ilikuwa ya msitu. Lakini mwaka 2019 tume iliamua kuhamisha ufunguzi wa msimu kutoka Jumatatu hadi Jumamosi. Sababu yake ilikuwa njema: wafanyakazi na wanafunzi wengi hawana nafasi siku ya Jumatatu, na tume ilitaka vijana wasiukose msitu. Basi Jumamosi ya kwanza ya mpango mpya ikaangukia tarehe 30 Novemba. Na tarehe hiyo hiyo Penn State ilikuwa icheze nyumbani na timu ya Rutgers, mechi ya mwisho ya ratiba yao ya kawaida.

Mjukuu wa mzee alikuwa katika mwaka wake wa mwisho chuoni. Siku hiyo ndiyo ingekuwa mara yake ya mwisho kuingia katika uwanja ule na bendi. Tena, tangu alipotimiza miaka kumi na miwili na kuruhusiwa kuchukua kibali, hajapata kukosa siku ya kwanza ya msimu kando ya babu yake. Na mzee goti lake lilikuwa limeanza kumsaliti. Hakuna aliyejua ana misimu mingapi mbele yake.

Jumapili moja, majuma matatu kabla ya siku hiyo, kijana alikuja mwenyewe nyumbani. Mzee alikuwa mezani akisafisha bunduki. Kijana hakuketi.

“Babu,” akasema, “Jumamosi ya kufungua msimu sitakuwa nawe msituni. Nitakuwa uwanjani na bendi. Nimekuja kukuambia kwa kinywa changu, usije ukasikia kwa mtu mwingine.”

Mzee hakuinua uso. Akauliza, “Katika bendi hiyo tarumbeta ziko ngapi?”

“Nyingi, babu.”

“Basi moja ikikosekana haitajulikana.”

“Wawindaji pia ni wengi,” kijana akajibu kwa upole, “lakini wewe ungejua kuwa mimi sipo. Na wenzangu ni hivyo hivyo.”

Kisha akaeleza alichokusudia. Ijumaa angekuja kibandani kupasua kuni, kuteka maji na kulala pale. Usiku wa manane angeondoka kwenda chuoni. Na Jumamosi ya tarehe 7 Desemba, ambayo haikuwa na kazi ya bendi, angekuwa msituni tangu alfajiri hadi jua kutua. Mzee hakusema ndiyo, wala hakusema la. Aliendelea kusugua chuma kilichokwisha kung'aa.

Ijumaa ile kijana alifika kama alivyosema. Alipasua kuni hata zikajaa baraza. Alifunga kamba kwenye njia ya mteremko, ili babu yake apate pa kushika. Saa tisa usiku nilisikia mlango ukifungwa polepole na gari likiondoka.

Kabla ya mapambazuko mzee alinivika fulana ya rangi ya machungwa iwakayo, ambayo huvaliwa ili mtu asidhaniwe kuwa mnyama, tukatoka. Mimi sikuwa na bunduki. Nilikuwa shahidi tu. Alishuka akiishika ile kamba bila kuitaja. Tuliketi chini ya mti mkubwa, baridi ikituuma vidoleni, hata jua likapanda. Walipita kulungu majike wawili na mtoto, mzee akawatazama mpaka wakatoweka. Adhuhuri tulirudi kibandani mikono mitupu, tukawasha moto.

Hapo ndipo aliponiuliza, “Kwenu mnawinda?”

Nikamweleza kuwa mimi ni Mkamba wa Kitui, na kwamba uta ulikuwa fahari ya wazee wetu. Lakini Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Babu yangu aliutundika uta wake, akabaki na mizinga ya nyuki. Kurina asali ndiko kulikokuwa msimu wake, na msitu wake, na shule yake kwetu. Kisha, sijui ni kwa nini, nikamweleza jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikuwa mlinda lango wa timu yetu ya kandanda. Mwaka wangu wa mwisho babu aliniletea habari kuwa Jumamosi fulani jioni tutarina mzinga wa juu kabisa katika mbuyu mmoja, mzinga ambao baba yake mwenyewe ndiye aliyeupandisha. Alikuwa ameuweka kwa ajili yangu, nijifunze kabla nguvu hazijamwisha. Siku hiyo hiyo tulikuwa na mechi ya fainali. Nilichagua mechi. Sidhani kuwa katika kuchagua huko nilikosa, kwa maana wenzangu kumi walinitegemea, na golini hapakuwa na mwingine. Kosa langu ni hili: sikumwambia. Simu nilikuwa nayo mkononi siku zote zile. Niliogopa kusikia sauti yake ikinyamaza, basi nikanyamaza mimi.

Tulishinda. Nilibebwa mabegani. Dada yangu alinisimulia baadaye kwamba jioni ile babu aliketi chini ya mbuyu, kamba na kibuyu kando yake, mwenge wa kutolea moshi haujawashwa. Majirani walimwambia aende akalale. Akawajibu, “Anakuja.” Alikaa pale mpaka mwezi ukatua. Niliporudi likizoni hakunilaumu kwa neno hata moja, na kabla migunga haijatoa maua tena, alifariki.

Mzee wa Pennsylvania alinisikiliza hadi mwisho. Aliongeza ukuni motoni, kisha akasema, “Alikungoja kwa sababu hukumwambia asingoje.”

Hakusema zaidi, wala hapakuwa na zaidi ya kusema. Aliinuka, akaingiza mkono nyuma ya kofia zilizopangwa rafuni, akatoa redio ndogo. Niliona kuwa betri zake zilikuwa mpya. Akaiweka mezani, akatafuta mechi mpaka akaipata. Tulikaa mbele ya redio ile mchana wote, na bunduki ikabaki pembeni. Mara kwa mara, nyuma ya sauti ya mtangazaji, zilisikika tarumbeta kwa mbali; na kila zilipolia mzee aliinua kidole, nami nikanyamaza. Penn State ilishinda kwa pointi 27 dhidi ya 6. Mzee akazima redio, akasema, “Jumamosi ijayo nitampa mahali pangu chini ya ule mti. Ndipo pazuri.”

Mimi nilirudi Kenya kabla ya siku hiyo. Katikati ya Desemba nililetewa picha ya mzee na mjukuu wake, wamesimama mbele ya kibanda wakiwa wamevaa fulana zao za rangi ya machungwa. Hakuandika kama walipata kulungu. Aliandika tu kuwa kijana alifika mapema, kabla hapajapambazuka, kama alivyosema.

Basi, msomaji wangu, nawe uko shuleni, na huenda jezi ya shule yako iko begani mwako. Itakuja siku ambayo timu itakuita, na siku hiyo hiyo nyumbani kutakuwa na mavuno, au arusi, au matanga, au mzee mwenye jambo la kukufundisha ambalo halimo vitabuni. Sitakuambia uchague lipi. Pengine utakwenda uwanjani, pengine utakwenda nyumbani, na kila njia itakuwa na mtu wa kuumia. Lakini yule utakayemwacha, umwambie mapema, umwambie mwenyewe, nawe usimame ukitazama uso wake. Mpe kile kidogo unachoweza kumpa, hata ikiwa ni kupasua kuni tu. Kisha mtajie siku ya kulipa, na siku hiyo uifike, maana ahadi ni deni. Wazee wanaweza kuvumilia mengi kutoka kwetu. Ni vigumu kuvumilia kungoja mtu asiyekuja.

Mzinga ule ungali juu ya mbuyu, na nyuki wangalimo. Mwaka huu nimemwomba baba yangu mdogo anifundishe kuurina. Jumamosi tuliyoichagua wanafunzi wangu wana mechi, na mimi ndiye mwalimu wao wa michezo. Nimekwisha kuwaambia kuwa sitakuwapo. Mlinda lango wao alinuna kidogo, kisha akaniuliza nitarudi na asali kiasi gani.